Mkono wa Aliyevunjika Shingo

Mtu afikaye Tunduma kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa malori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika ukingoni mwa nchi yetu mahali hapo. Ng'ambo ni Nakonde ya Zambia, na mizigo ya mataifa kadha wa kadha hupita katika mlango huo mmoja. Magari husimama kwa mstari mrefu, madereva hungoja, na vijana hupanda juu ya shehena kufunga kamba na maturubai, hushuka, kisha hupanda tena. Wengine huchukua abiria kwa pikipiki mchana na usiku. Huko Mbozi watu hushughulika na kahawa na kupanda miti ya matunda, na upande wa Mkwajuni na Saza vijana huingia mashimoni kutafuta dhahabu. Kazi hizi zote ni halali, na kwa jasho lake mkoa mzima wa Songwe hupata mkate wake wa kila siku.

Lakini katika kazi hizo watu huanguka. Tumfikirie kijana mmoja, ambaye hatumpi jina kwa sababu wenziwe ni wengi. Ameteleza toka juu ya lori, ameangukia shingo. Rafiki zake wamemwonea huruma. Mmoja amemshika mikono, mwingine miguu, kichwa kikining'inia, wakampakia juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Hakufa. Baada ya miezi michache yupo nyumbani kwa mama yake, kitandani. Macho yana nuru, akili ni timamu, sauti ipo. Miguu haisikii kitu, na mikono yake imelala juu ya shuka kama mali ya mtu mwingine. Jirani huja, huketi, hutikisa kichwa na kusema: "Ndiyo mapenzi ya Mungu, mwanangu. Vumilia." Kisha huaga, na kijana hubaki akitazama dari.

Wasomaji wapenzi, swali letu la juma hili ni hili: Je, yatosha? Maneno ya jirani yule ni ya upole, na uvumilivu ni fadhila kubwa ya Kikristu. Hata hivyo twataka kuuliza kama jirani amelipa deni lake lote, au kama ameaga kabla ya kulianza.

Kwanza hatuna budi kufahamu lililompata kijana. Ndani ya pingili za uti wa mgongo umepita uzi laini utokao katika ubongo. Kwa njia yake ubongo hutoa amri kwa viungo, na viungo hupeleka habari kwa ubongo. Katika shingo, mishipa ya fahamu hutoka katika uzi huo kwa ngazi, na kila ngazi ina kazi yake. Kwa kifupi, ule wa tano huhudumia bega na kukunja kiwiko. Wa sita huinua kifundo cha mkono. Wa saba hunyosha kiwiko. Wa nane na ule unaoufuata huviendesha vidole. Basi uzi ukiumia shingoni, tofauti ya ngazi moja tu ni tofauti kubwa katika maisha ya mtu. Mmoja ataweza kujilisha, na mwingine atalishwa hadi kufa kwake. Ikumbukwe pia kwamba mara nyingi uzi haukatiki wote. Hupondwa, na sehemu yake husalia hai. Sehemu hiyo iliyosalia ndiyo amana tuliyoachiwa.

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Usemi huu ni mwema. Wafundisha kwamba mwenye kupenda hangoji kuombwa. Lakini kwa mtu aliyevunjika shingo usemi huu waweza kutupotosha, kwa maana sisi wenye afya twadhani tunajua analolitamani. Tukimwona amelala, mara twasema: Laiti angeweza kutembea! Katika mwaka 2004 ilitangazwa huko Marekani taarifa ya uchunguzi ambamo watu 681 walioumia uti wa mgongo waliulizwa wao wenyewe ni jambo gani wangependa kurudishiwa kwanza. Wale waliopooza miguu na mikono pia, karibu nusu yao walitaja mikono kuliko kitu kingine chochote. Kutembea hawakukutaja kwanza kama tulivyodhani.

Bwana wetu Yesu Kristu alipokuwa akitoka Yeriko, kipofu mwombaji alimpigia kelele njiani. Wote walioona waliweza kujua kwamba mtu yule hana macho. Hata hivyo Bwana alimwuliza anataka atendewe nini. Yeye ajuaye yote hakuona vibaya kuuliza. Alimpa mwombaji heshima ya kusema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Tujifunze hapo. Uji usiulizwe, naam. Lakini mtu aulizwe juu ya maisha yake.

Na kwa nini mkono? Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliuita mkono chombo cha vyombo vyote, na Mtakatifu Toma wa Akwino akalifuata neno hilo. Alifundisha kwamba wanyama wamepewa pembe na kucha na manyoya, bali mwanadamu amepewa akili na mikono, apate kujitengenezea kila anachohitaji. Akili huwaza, mkono hutimiza. Kwa mkono mtu hujilisha, hujifuta machozi, hufukuza nzi usoni. Kwa mkono humpa mgeni maji, humshika mtoto, hupeana amani na jirani kanisani. Kwa mkono hujiandika ishara ya Msalaba. Aliyepoteza miguu amepoteza njia. Aliyepoteza mikono amepoteza kutoa. Kila siku hupokea, na hana cha kurudisha. Uchungu huo wa kupokea tu ni mzito kuliko tunavyofikiri sisi ambao twaweza kufunga vifungo vyetu wenyewe.

Sasa, je, lipo la kutenda? Lipo, nalo huanza palepale chini ya lori. Mtu aliyeanguka toka juu, au aliyetupwa na pikipiki, akilalamika shingo au akiwa hasikii viungo, asivutwe mikono wala miguu, asiketishwe, wala asipakiwe kwenye pikipiki. Kama mahali pana hatari, moto au magari yapitayo, atolewe, lakini kwa uangalifu. Mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili kikae sawasawa na mwili, na wengine wamwinue kwa pamoja kama gogo moja, juu ya ubao au hata mlango ulioondolewa bawabani. Tendo hili halihitaji fedha, lahitaji mafundisho. Rafiki wenye huruma wasiofundishwa waweza kuuondoa kwa dakika moja uzima uliokuwa umesalia.

Huko kaskazini ya nchi yetu uchunguzi uliofanywa juu ya wagonjwa wa miaka 2010 hadi 2014 ulionyesha kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza katika kuumiza uti wa mgongo, ajali za barabarani zikafuata, na walioumia wengi walikuwa wanaume. Je, Songwe, yenye malori, miti, mashimo na mteremko wa Senjele, haina sababu ya kujifunza somo hili?

Pili ni kazi ya miezi ya kwanza, na hapa twawaomba akina mama na dada wa nyumbani wasikilize sana. Mgonjwa ambaye mshipa wa sita umesalia aweza kuinua kifundo cha mkono, ingawa vidole vimelala. Akikiinua, kano za vidole huvutika, na vidole hujikunja vyenyewe. Gumba hukikaribia kidole cha shahada. Hivyo aweza kushika kijiko, kikombe chepesi, au punje za Rozari. Mwenyezi Mungu ameuumba mkono kwa namna ambayo hata vidole visivyo na nguvu vyaweza kuazima nguvu ya kifundo. Lakini mara nyingi ndugu, kwa upendo, hukirudisha kifundo nyuma na papo hapo kuvinyosha vidole vyote, siku kwa siku. Kano hurefuka, na mshiko ule hupotea. Kanuni ni hii: kifundo kikiinuliwa, vidole viachwe vikunjike, kifundo kikiinamishwa, ndipo vidole vinyoshwe. Kiwiko nacho kisiachwe kimekunjwa siku zote, kisije kikakaza. Atakayewafundisha haya vizuri ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kumtafuta ni wajibu sawa na kumtafuta mwenye dawa.

Tatu ni kazi ya madaktari wapasuaji. Tangu miaka ya 1970 daktari Erik Moberg wa Sweden alionyesha njia ya kuwasaidia watu hawa kwa kano. Msuli ulio hai huchukuliwa sehemu ya kazi yake, ukaunganishwa na kano ya msuli uliokufa. Msuli wa nyuma ya bega hufundishwa kunyosha kiwiko, na msuli wa kigasha hufundishwa kulivuta gumba. Katika mwaka 2019 madaktari wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Dk. Natasha van Zyl, walitangaza kwamba vijana 16 walifanyiwa kazi ya kuhamisha mishipa ya fahamu iliyo hai na kuiunga na ile iliyopoteza amri, mara 59 kwa jumla. Baada ya miaka miwili wengi waliweza kunyosha kiwiko, kufungua kiganja na kushika. Yako maungo ambayo hayakufaulu, nao hawakuficha. Na katika mwaka 2024 ilitangazwa habari ya watu 60 waliofanya mazoezi ya mikono huku umeme mdogo ukipitishwa katika ngozi ya shingo. Asilimia 72 yao waliongezeka nguvu na uwezo wa kutumia mikono, na wengine walikuwa wameumia miaka mingi nyuma.

Mambo hayo yametendeka mbali na kwetu, wala hatutaki kumdanganya mgonjwa kwa matumaini ya bure. Hakuna hata mmoja kati ya madaktari hao asemaye kwamba ameurudisha mkono kama ulivyokuwa. Wamerudisha sehemu. Lakini habari zao zatufundisha jambo moja kubwa: mkono uliolala si lazima uwe mkono uliokufa, na saa ina thamani. Misuli mingine ikikosa mshipa wake kwa muda mrefu hunyauka hata isiweze kuamshwa tena. Kumwacha mtu mwaka mzima bila kumpeleka kwa mwenye maarifa ni kumfungia mlango ambao ulikuwa wazi.

Tuingie sasa katika swali lenyewe, kwa maana twajua pingamizi zitakazotolewa.

Wa kwanza atasema: "Gharama ni kubwa na faida ni ndogo. Fedha na miezi mingi kwa ajili ya kushika kijiko tu!" Twamjibu: Ndugu, umemhesabu mgonjwa peke yake. Umesahau mama yake. Mama huyu huamka alfajiri kumgeuza mwanawe asipate vidonda vya kulalia, humlisha, humwosha, humkuna anapowashwa. Shamba lake la mahindi limeota nyasi. Binti wa nyumbani ameacha shule apate kumsaidia. Siku kijana atakapoweza kushika kijiko na kusukuma magurudumu ya kiti chake, mikono miwili ya mama itafunguliwa pamoja na mmoja wa mwana, na daftari la binti litafunguliwa pia. Anayeona faida ndogo hapo hajawahi kuuguza.

Hata hivyo twakubali kwamba gharama ina mpaka wake. Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili, aliposema na madaktari mwezi Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu amefungwa kutumia njia za kawaida za kulinda uzima na afya, kufuatana na hali ya watu, mahali na nyakati. Hakufungwa kutumia njia zinazomlemea kupita kiasi yeye au wenziwe. Basi familia isiyoweza kumpeleka mwana ng'ambo haina dhambi, wala isijilaumu. Lakini kumwinua vizuri chini ya lori, kumgeuza kitandani, kuvilinda vidole, kumfikisha kwa mtaalamu aliye Mbeya au mbele zaidi: hizo ni njia za kawaida. Kwa hizo, udhuru wetu ni mdogo.

Wa pili, naye ni mcha Mungu, atasema: "Heshima ya mtu haimo mikononi. Mtu asiyeweza kutenda lolote ni mtoto wa Mungu kama mwingine. Kwa nini kumsumbua kwa mazoezi? Aitolee taabu yake pamoja na Kristu." Neno lake la kwanza ni kweli kabisa, na ole wake mtu apimaye wanadamu kwa kazi wanazozalisha! Aliyepooza kabisa, ambaye hatashika tena hata uzi, hajapungua utu wake hata chembe. Lakini angalia hitimisho lake. Kwa sababu mtoto ni mtoto wa Mungu, je, twamnyima shule? Kwa sababu maskini ni mrithi wa ufalme, je, twamnyima mkate? Thamani ya mtu haitoki katika mkono wake; ndiyo maana mkono wake wastahili kushughulikiwa. Mtu asiye na thamani angeweza kuachwa. Huyu haachwi. Na sadaka ya mateso ni ya mgonjwa mwenyewe, naye huitoa kwa hiari yake. Sisi hatuna ruhusa kuitoa badala yake ili tupate kuaga mapema. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso ya wanadamu, alipokwisha kueleza maana ya kuteswa pamoja na Kristu aliishia kwa Msamaria Mwema, yaani kwa mtu aliyesimama njiani akafunga majeraha. Mambo hayo mawili hayatengani.

Wa tatu ni jirani yetu wa kwanza, asemaye ni mapenzi ya Mungu. Kanisa limetufundisha kutofautisha lile Mungu alipendalo na lile aliruhusulo. Kamba iliyochakaa, tajiri asiyeibadilisha. Breki mbovu katika mteremko. Kijana apandaye pikipiki bila kofia ngumu: hayo ni matendo na uvivu wa wanadamu, wala tusimsingizie Muumba. Baada ya ajali, mapenzi ya Mungu yapo wazi, tena yameandikwa katika amri ya kumpenda jirani. Ajabu ni kwamba sisi huyatambua mapenzi ya Mungu upesi sana katika balaa ya mwenzetu, na polepole sana katika wajibu wetu.

Basi wajibu huo umgawanyike nani? Wa kwanza ni wenye magari na wenye kazi. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri asiyemwandikisha mtu wake amemwibia kabla hajaanguka. Kijana mpanda mizigo wa siku moja, asiye na mwajiri wa kudumu, mara nyingi haifikii kinga hiyo, na kwa ajili ya watu kama yeye twaitazama Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tukiomba itimizwe hata afikiwe yule aliye chini kabisa. Wa pili ni parokia zetu. Jumuiya ndogo ndogo hukusanya michango ya harusi na misiba. Je, haziwezi kukusanya nauli ya kutoka Tunduma hadi Mbeya, safari ya kilomita mia na zaidi, kwa ajili ya mazoezi ya mtu mmoja? Akina mama wa WAWATA waweza kupeana zamu, ili mama wa mgonjwa apate siku mbili za shamba kila juma. Vijana waweza kufundishwa namna ya kumwinua aliyeumia shingo, na kutengeneza njia ya kiti cha magurudumu hadi mlango wa kanisa. Wa tatu ni kila mtu. Tusimpeleke mgonjwa kwa wauza mafuta na maji waahidio kumsimamisha kwa siku tatu, wakachukua ng'ombe wa mwisho. Sala yetu imwendee Mungu bila bei.

Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Aliye juu ya lori leo aweza kuwa juu ya kitanda kesho, na aandikaye maneno haya vilevile.

Twamalizia kwa Injili. Siku ya sabato Bwana aliingia katika sinagogi, na palikuwa na mtu aliyenyauka mkono. Luka, ambaye mapokeo yasema alikuwa tabibu, peke yake ameongeza kwamba ulikuwa mkono wa kuume, mkono wa kazi. Watu waliokuwapo hawakumtendea mtu yule ubaya wowote. Walikuwa wakitazama tu. Na Marko asimulia kwamba Bwana aliwakazia macho kwa hasira, akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha alimtaka mgonjwa asimame katikati, auone watu wote, nao wamwone. Akamwagiza aunyoshe mkono wake. Mtu yule mwenyewe ndiye aliyeunyosha.

Kuponya ni kwa Bwana, na jitihada ni ya mgonjwa. Sisi tumebakiziwa kazi ya kumtoa pembeni na kumleta katikati. Jirani mwema, juma hili rudi katika nyumba ile. Usiseme kwanza. Keti, umwulize kijana anataka atendewe nini, kisha ungoje ajibu.